Biblia imekataza kumdhamini mtu mkopo, jee imepitwa na wakati au sie ndo hatusikii?

Salamu zenu jamani. Mie mkristo wa hapa Unguja, nasali Mkunazini, lakini hii naileta kwa wote maana deni halimuulizi mtu dini. Mahubiri ya pesa nnayoyasikia kila siku ni fungu la kumi, Malaki 3:10, toa ubarikiwe, basi. Mithali 22:26-27 huisikii, pale panaposema usiwe mdhamini wa deni la mtu, huna cha kulipa watakuja kukutolea hata kitanda unacholalia. Kwa mie hiyo ndo inayotuhusu hasa sasa hivi. Angalieni maofisini, mtu anataka mkopo wa saccos, kile chama cha kuweka akiba na kukopa, anakuja na fomu, saini hapo ndugu yangu utaratibu tu huo, unasaini wala hujui kakopa ngapi, akiacha kulipa inakatwa akiba yako wewe. Na kukataa huwezi, mnakula sinia moja kwenye maharusi utamwambiaje. Mithali 6 imesema ukishanasa usilale, kamsihi mwenzio mpaka ujitoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Sasa wanaosema kitabu cha zamani hakijui saccos wanambie kimekosea wapi.

WA WETE: Mie muislamu, kwetu dhamana ipo na inaruhusiwa, ila deni liandikwe na mashahidi wawepo, Baqara 282. Mnamkamata mdhamini mnaiacha riba, na kumtoza maskini riba hata Biblia yenu imekataza, Kutoka 22:25. Hawa wa mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, ndo wa kuwasema!!

WA JAMBIANI: Nyie wenye mishahara mna raha. Sie tunaolima mwani hati ya nyumba hatuna, salari slipu hatuna, benki tukienda tunaulizwa una nini, dhamana yetu ni sie kwa sie kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikiifuata hiyo Mithali mwanangu skuli ataendaje?

MWENYE MADA: Dada wa Jambiani umenibana hapo. Ila kikundi chenu sanduku lina kufuli tatu na funguo kashika kila mtu wake, hisa zinahesabiwa mbele ya wote, kila mmoja anajua fulani kakopa ngapi na kwa nini, na akichelewa mnaenda kwake jioni ile ile. Huko mdhamini anaona anachokidhamini. Mie nalalamikia saini ya kuoneana haya, na nadhani Mithali nayo inamsema huyo huyo anaeahidi pesa asiyokuwa nayo. Yakhe wa Wete, riba sikatai, Kutoka naisoma. Lakini itoe leo riba yote, ubakie mkopo safi kabisa, alokopa akazima simu akahamia Dar, anaefuatwa si yule yule aliesaini? Hapo ndo nataka jibu lako, kausha damu tuwaweke pembeni kwanza.