Mrejesho: kile kinundu cha mama kwenye kitovu

Wapendwa, nilikuja hapa kuuliza kuhusu mama yangu wa Masasi, alitibiwa saratani ya ovari akamaliza kemo (dawa za kuua saratani), baadaye kikamtoka kinundu kitovuni, kigumu, hakiumi sana, kutwa anakipapasa juu ya kanga. Wengi mlisema ngiri, hata hospitali ya kwanza walisema hivyohivyo wakampa panado tu, iliniuma sana.

Basi tukapanda basi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wakakata kinyama wakapima, ni ileile imerudi. Dokta kasema mara nyingi hurudi humohumo tumboni na kwenye nyonga, ila kitovu, tezi za shingo, hata ubongo inatokea japo ni nadra. CA-125 nayo, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, imepanda.

Kemo inaanza Jumatatu. Leo kaniomba ming'oko, nimefurahi mno maana alikuwa hali kabisa.