Bomba la bafuni linapiga shoti na RCD imerukwa: tuanzie wapi? (Ipuli, Tabora)

MWEMBE WA IPULI
Wakuu, naomba macho ya wanaojua umeme wa majumbani. Nyumba ya vyumba vitatu, Ipuli, fezi moja, mita ya LUKU. Wayaringi imepita mikononi mwa mafundi wawili, na wa pili ndiye aliyefunga shawa ya umeme ya wati 5,500. Hali ni hii.

Bomba la chuma la bafuni linatekenya mkono ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Shawa ikiwaka, linapiga kweli. Kwenye dibii (boksi la breka) RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, ipo, ila waya wa kuingia na wa kutoka zimebanwa pamoja upande mmoja, kwa hiyo umeme unapita pembeni yake. Maelezo ya fundi: "ilikuwa inakata hovyo." Shawa iko kwenye breka ya ampea 32 kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Darini viungo vimesokotwa na kuzungushiwa tepu, hakuna boksi hata moja. Taa ya LED ya koridoni inawaka kwa mbali hata swichi ikiwa imezimwa. Eathi ni nondo moja karibu na msingi, futi nne.

Fundi wa tatu ameangalia akasema tuongeze eathi, mambo yataisha. Ni kweli?

MZEE WA GONGONI
Kweli kabisa. Eathi ikiwa nzuri, shoti inakwenda ardhini na breka inakata. Nyumba za zamani hazikuwa na RCD na watu waliishi. Chimbeni shimo, wekeni mkaa na chumvi, mwagieni maji.

NYUNDO NA TESTA
Mkuu Mwembe, kabla ya yote shusha breka ya shawa na ubandike karatasi mtu asiipandishe. Watoto wasiingie bafuni peku.

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani, na hesabu ndiyo inayokataa. Breka ya ampea 32 aina ya B inahitaji takriban ampea 160 ili ikate papo hapo, aina ya C inaweza kutaka hadi 320. Sasa chukua nondo ya mita 1.2, unene milimita 16, kwenye mchanga mkavu wa omu-mita 500. Ukinzani wake unakuja kama omu 360. Volti 230 ukigawa kwa 360 ni ampea 0.64. Breka haitajua kama kuna kitu. Ongeza nondo ya pili juu ya ya kwanza ufike mita 2.4: unashuka hadi karibu omu 200, yaani ampea 1.15. Bado haikati. Mabomba yatakaa na umeme mchana kutwa huku breka imetulia.

Ndiyo maana panapoletwa nyaya mbili tu kutoka nguzoni na eathi ni ya mwenye nyumba mwenyewe, RCD si pambo. Ya miliampea 30 inatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300 umeme ukivuja kiasi hicho, na kwake hata nondo ya omu 200 inatosha sana. Kuiruka RCD na kuacha nondo peke yake kwenye mchanga wa Tabora mwezi wa tisa ni kuondoa kinga yote.

Chumvi nayo inasaidia msimu mmoja, mvua inaisomba, na chuma kinaliwa. Kama lazima ujaze kitu, udongo wa bentonaiti unashika unyevu bila kula nondo.

FEZI MOJA
Naongeza: RCD haikati hovyo. Ikikata, kuna umeme ulioondoka bila kurudi kwa njia yake. Kwenye maelezo yako naona washukiwa wawili. Wa kwanza ni shawa yenyewe. Hizi za bei nafuu koili iko wazi, maji yanaigusa, na maji ya kisima yenye chumvi yanapitisha zaidi. Wa pili ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) na eathi kugusana mahali fulani baada ya RCD.

Kabla hujanunua chochote pima hivi. Pigilia msumari wa inchi sita kwenye udongo uliolowa nje ya bafu, mbali na nondo ya eathi angalau mita tatu. Multimita iwe kwenye volti za AC. Ncha moja kwenye msumari, nyingine kwenye bomba, na usishike chuma chochote. Soma mara tatu: meini swichi imezimwa, kisha meini imewashwa na shawa imezimwa, kisha shawa inawaka huku hakuna mtu bafuni. Testa ya bisibisi yenye kitaa isahau kwa kazi hii, inawaka hata kwa umeme wa kivuli, yaani volti hafifu ambazo waya unaziokota kutoka waya wa jirani.

Halafu, meini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha dibii uangalie tu, usiguse. Je, kuna kipande cha waya kati ya baa ya nyutro na baa ya eathi?

MWEMBE WA IPULI
Majibu haya hapa. Meini imezimwa: volti 0. Meini imewashwa, shawa imezimwa: volti 11. Shawa inawaka: volti 29. Na ndiyo, kuna kipande cha waya mweusi kutoka baa ya nyutro kwenda baa ya eathi.

FEZI MOJA
Basi kesi imefunguka, na kisa ni kimoja kwa matatizo mawili.

Nyutro ya nyumba haiko sifuri. Inabeba umeme unaorudi nguzoni, na kila mahali kwenye ukinzani inapanda volti kidogo. Kile kipande cheusi kinaichukua hiyo nyutro na kuipeleka kwenye baa ya eathi, kutoka hapo waya wa eathi wa shawa unaipeleka kwenye bomba. Kwa hiyo kinachokupiga kinafika bafuni kwa kupitia eathi. Ukiongeza waya wa eathi kwenye bomba kama alivyoshauri fundi wa tatu, unaongeza njia tu.

Kipande hichohicho ndicho kilichokuwa kinaiangusha RCD. Ikiwa nondo yako ina omu 300, volti 11 zinasukuma kama miliampea 37 kwenda ardhini, na volti 29 kama miliampea 97. Umeme huo unatoka kwa laivu (waya unaoleta umeme) ndani ya RCD na kurudi kwa udongo nje yake. Kikomo ni miliampea 30. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Hatari kubwa hata hamjaiona. Siku nyutro ikikatika nguzoni, umeme wote wa nyumba utatafuta kurudi kupitia nondo. Bomba, mwili wa friji, boksi la dibii, vyote vitakaribia volti 230.

Na kuruka kutoka 11 hadi 29 kwa shawa moja kunanitia shaka kwamba nyutro imelegea: kwenye meini swichi, au huko nje kabla ya mita. Skrubu za meini fundi wako akaze umeme ukiwa umezimwa. Mita na sili yake asiguse mtu, piga TANESCO namba ya bure 180 uwaambie nyutro inapanda volti mzigo ukiwaka.

NYUNDO NA TESTA
Hapo nakubali neno kwa neno. Ila mpangilio wa kazi ni muhimu: kile kipande kisiondolewe halafu RCD ikaachwa imerukwa. Viende pamoja siku moja.

Meini imezimwa na imehakikiwa kwa multimita, toa kipande cheusi. Rudisha RCD: laivu na nyutro zote mbili zipite ndani yake, na nyutro za sakiti zote zirudi kwenye baa iliyo upande wa kutokea. Nunua mpya, ya kukata laivu na nyutro zote mbili, ampea 63, miliampea 30, aina A kama inapatikana, kwa sababu vifaa vya kielektroniki siku hizi vinavuja umeme ambao aina AC inaweza isiuone vizuri. Kisha shusha breka zote, pandisha RCD. Ikianguka hata breka zikiwa chini, ujue kuna nyutro nyingine inagusa eathi, maana breka hizi zinakata laivu peke yake. Chomoa nyutro kwenye baa mojamoja, meini ikiwa imezimwa kila mara, mpaka umpate mkosaji.

Fundi awe na mega (kipimo cha uzima wa ganda la nyaya) ya volti 500. Toa taa zote, chomoa vifaa vyote, RCD itengwe, kisha apime laivu kwa eathi na nyutro kwa eathi. Chini ya mega-omu 1 sakiti hiyo haiwashwi. Asiye na mega hajapima, hata akiapa.

MAMA CHEYO
Na waya wa shawa mmeuruka. Wati 5,500 ni ampea 24. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unabeba kama ampea 24 kwenye joto la nyuzi 30. Darini chini ya mabati nyuzi 45 ni jambo la kawaida, hapo zidisha kwa 0.79, unabaki na ampea 19. Breka ya 32 haitaukinga, waya utaungua kwanza. Wa 4 unafika ampea 25, umebana mno. Weka wa 6, unapata ampea 32 hata kwenye joto hilo, moja kwa moja bila kiungo, na swichi ya kukata pande zote mbili ya ampea 45 iwe nje ya mlango wa bafu. Shawa nayo ibadilishwe, chukua yenye koili iliyofunikwa. Ile ya koili wazi itaendelea kuiangusha RCD mpya na mtaanza kumlaumu fundi mzuri.

Darini kila kiungo kikatwe, kiingie kwenye boksi lenye konekta za skrubu, boksi lipigiliwe kwenye mbao. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la mabati, tepu inafunguka, panya wanamalizia. Shaba ikigusa bati, bati zima lina umeme. Kama kamba ya kuanikia nguo ni ya waya na imefungwa kwenye kenchi au bati, ifunguliwe leo, wekeni ya katani au plastiki.

MWEMBE WA IPULI
Ni ya waya, na imefungwa kwenye kenchi. Naiondoa sasa hivi. Ile LED je?

MAMA CHEYO
Toa taa, swichi ikiwa imezimwa, fundi apime kila pini ya holda kwa eathi. Akipata 230 kamili kwenye pini moja, swichi inakata nyutro badala ya laivu, na kila anayebadilisha taa anashika laivu. Igeuzwe kwenye boksi la swichi. Akipata volti zinazoyumba, mfano 40 au 60, ni umeme wa kivuli kutoka nyaya zilizolala pamoja, hauna madhara.

MZEE WA GONGONI
Marahaba, nimesoma hesabu. Swali moja: nondo ibaki futi nne?

NYUNDO NA TESTA
Hapana mzee, iunganishwe ifike mita 2.4, na ipimwe mwishoni mwa kiangazi wakati udongo umekauka. Ikizidi omu 200, ongeza nondo ya pili umbali usiopungua mita 2.4 kutoka ya kwanza. Na Mwembe, fundi akija mwombe leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) kabla hajashika bisibisi, na akimaliza akuandikie vipimo vya mega, nondo na muda wa RCD kukata. Kitufe cha T cha kujaribia kwenye RCD bonyezeni kila miezi mitatu, ila mjue kinapima RCD yenyewe tu, hakisemi lolote kuhusu nondo.