Naomba ushauri: mama yangu yuko peke yake Katuba, na matapeli wamelizoea lango letu

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafanya kazi Kolwezi, kilomita zipatazo 300 kutoka Lubumbashi, na mama yangu mwenye umri wa miaka 71 amebaki katika lupango wetu wa zamani, yaani nyumba na ua wake, huko Katuba, sehemu ya Lubumbashi, pamoja na mjukuu wake, ambaye asubuhi yote huwa shuleni. Kwa hiyo hadi saa nane mchana mama huwa peke yake, na saa hizo ndizo wanazozipenda wageni tusiowajua.

Wiki tatu zilizopita, siku ambayo umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, walifika vijana wawili waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa, mmoja akiwa na daftari la jalada gumu na mwingine amening'iniza shingoni kadi yenye picha. Walipiga hodi kwa adabu, wakauliza habari za watoto, kisha wakasema kwamba wametumwa na shirika la umeme kuandikisha nyumba zitakazofungiwa mita mpya, na kwamba atakayelipa dola 40 siku hiyohiyo atafungiwa kabla ya wiki kwisha, ilhali wengine watangoja hadi mwaka ujao. Mama aliwakaribisha sebuleni, akawapa maji ya kunywa, akatoa dola 40 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Walimwandikia karatasi, nami nimeiona: muhuri wa zambarau umegongwa juu ya sahihi ambayo ni mkunjo mmoja tu wa kalamu, na jina la mpokeaji halimo. Mita haijaja.

Siku chache baadaye akapita mwanamke mwenye begi la chupa za dawa ya "kusafisha damu", na mama akanunua mbili. Hapo nilimpigia simu nikasema maneno ambayo sasa ninayajutia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mimi nililelewa kwamba anayepiga hodi huitikiwa karibu. Unataka nijifunze uchoyo uzeeni?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nimzuie vipi tapeli bila kumwadhibu mama?

Yaya wa Kamalondo

Mdogo wangu, kabla ya jambo lolote panda gari uende ukamwombe mama msamaha uso kwa uso, kwa sababu mzee aliyekaripiwa mara moja hatakuambia atakapotapeliwa mara ya pili, na hasara utakayofichwa haina dawa.

Baada ya hapo, mweleze kwamba matapeli wa namna hiyo hawamtafuti mjinga. Wanamtafuta mtu mwenye heshima, anayeona aibu kumwacha mgeni amesimama juani. Walipouliza habari za watoto hawakuwa wakisalimia tu, bali walikuwa wakihesabu nani yuko nyumbani, na mama akijibu kwamba wote wako Kolwezi atakuwa amekwisha kuwakabidhi ufunguo wa nyumba. Mama yangu mimi tumemfundisha kujibu kwamba kijana wake amelala ndani kwa kuwa alikuwa na zamu ya usiku. Mwanzoni alikataa, akisema kuwa ni uongo na yeye ni mwimbaji wa kwaya, hadi siku moja alipokuta mtu amekwisha kuingia hadi mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo kijana wake hulala mchana kila siku.

Mzee wa Bel-Air

Funga lango kwa kufuli, nunua mbwa mkali, na suala limekwisha.

Mtoto wa Katuba

Mzee wangu, mbwa tunaye. Huwapokea wageni kwa furaha kuliko mama mwenyewe.

Msomaji wa Sheria

Ningependa mama ajue kwamba anapomzuia mtu mlangoni hafanyi uchoyo, bali anatumia haki yake. Kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006 kinasema kwamba makazi ya mtu hayaingiliwi, na kwamba hakuna ukaguzi wala upekuzi unaoweza kufanyika humo isipokuwa kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Kwa hiyo kizibao na kadi ya shingoni, ambavyo mtu yeyote anaweza kutengenezewa mjini kwa bei ndogo, havimpi mtu ruhusa ya kuvuka kizingiti. Mtu aliyetumwa na ofisi huwa na barua ya kazi inayotaja jina lake, kazi aliyotumwa na tarehe zake. Mama aiombe barua hiyo, amwache mtu huyo nje, na nambari ya kuipigia ofisi isitoke mdomoni mwa mgeni, bali itoke kwenye ankara ya zamani iliyomo ndani ya nyumba, kwa maana nambari anayoitaja tapeli hupokelewa na mwenzake aliyeketi mtaa wa pili.

Kuhusu zile dola 40, usiitupe karatasi ile wala usiikunje tena. Utapeli ni kosa chini ya kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano pamoja na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Mkamweleze mkuu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, kwanza, ili aulize kama kuna nyumba nyingine zilizopitiwa, kisha mpeleke malalamiko kwa afisa wa polisi wa upelelezi. Karatasi moja ni rahisi kuiweka kando, lakini karatasi tatu zenye muhuri mmoja zitamfanya afisa aulize maswali.

Muuza Vitenge

Nimesoma hadi hapa kwa uchungu kidogo, kwa kuwa mimi nimekuwa nikitembeza vitenge Kampemba na Ruashi kwa muda mrefu, na kila tapeli anapopita avenyu fulani, mimi ndiye ninayefungiwa milango mwezi mzima.

Kuna tofauti ambayo mama anaweza kuiona bila kusoma karatasi yoyote. Mimi ninakuja siku ileile ya juma, majirani wananifahamu, na mteja akiniambia nirudi wiki ijayo, ninarudi wiki ijayo. Tena wateja wangu wengi huchukua kitenge leo na kulipa kidogokidogo hadi mwisho wa mwezi, maana yake ni kwamba anayemwamini mwenzake ni mimi. Tapeli hufanya kinyume: anachukua pesa leo, mali itakuja kesho, na ukimwambia arudi Jumamosi uso wake hubadilika. Neno "leo tu" likisikika langoni, mama ajue kwamba mazungumzo yamekwisha.

Na msidhani kwamba anayetapeliwa ni mwenye nyumba peke yake. Mteja mmoja mwenye sebule ya vigae alinilipa kwa noti bandia ya dola 100, nami niliikagua tu kama haijachanika, kama tulivyozoea hapa ambapo noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa hata ikiwa halali. Sasa ninaitazama vingine. Kwenye noti mpya, zile zilizoanza kutolewa mwaka 2013, utepe wa buluu umefumwa ndani ya karatasi wala haukuchapwa juu yake, na ukiiinamisha noti, ile kengele iliyochorwa ndani ya kichupa cha wino hugeuka kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Yangu haikugeuka.

Fundi wa Jua

Kwa kuwa umeme hukatika, tarajieni kwamba watakaofuata kwa mama ni wauzaji wa paneli za jua. Wengine ni watu wema, lakini wengine wanauza vibandiko. Nimeletewa kutengeneza paneli iliyoandikwa nyuma kwamba ni ya wati 300, nayo ilikuwa na urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 50. Jua kali la adhuhuri huleta takribani wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu ya tano tu ya nguvu hiyo kuwa umeme, yaani wati 200 hivi kwa mita ya mraba. Paneli niliyoletewa ilikuwa na thuluthi moja ya mita ya mraba na ushei, kwa hiyo hata kama ingekuwa bora kabisa isingefika wati 100. Paneli ya kweli ya wati 300 huhitaji kama mita moja na nusu ya mraba. Mama awe na futi ya kupimia, na asimwamini anayemkataza kupima.

Mama wa Ruashi

Niongeze jambo moja dogo kuhusu simu. Kuna wanaofika mlangoni wakidai kwamba wamekosea nambari wakamtumia mama pesa za M-Pesa, wanamwonyesha ujumbe uliokwisha kuingia kwenye simu yake, na wanaomba arudishe. Ujumbe huo huwa umetumwa kutoka nambari ya mtu wa kawaida, si kutoka M-Pesa yenyewe. Mama, au mjukuu wake akirudi, aangalie kwanza salio lenyewe, na nambari ya siri asiitaje mbele ya mtu yeyote, hata akiwa mchungaji.

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Katuba na nimeomba msamaha kama nilivyoshauriwa. Niliposoma ushauri wenu kwa sauti, mama alicheka sana kwa habari ya kijana anayelala mchana, lakini alisema kwamba hatasema uongo. Badala yake ametafuta njia yake mwenyewe. Amelihamisha benchi la jikoni akaliweka chini ya mwembe, hatua mbili kutoka langoni, na pembeni ameweka mtungi wa maji na kikombe. Kila mgeni anaambiwa karibu, anaketi hapo, anakunywa, na mama humwita jirani wa ng'ambo ya ua aje waongee watatu. Mambo ya pesa anawajibu kwamba huzungumzwa Jumamosi, na Jumamosi mdogo wangu anayeishi Kenya, sehemu nyingine ya Lubumbashi, huwa nyumbani.

Jumanne alikuja muuzaji wa paneli. Mama alikuwa mshonaji miaka mingi, kwa hiyo alimpa kikombe cha maji, akatoa futi yake ya kushonea, akaanza kupima. Alipouandika upande wa kwanza na kugeukia wa pili, yule bwana alikumbuka kwamba anangojwa mahali.

Karatasi yenye muhuri tumeipeleka. Mkuu wa kartie alipata nyumba nyingine mbili kwenye avenyu yetu zenye karatasi ya muhuri uleule, na maelezo ya watu wote watatu yamepokelewa pamoja. Zile dola 40 hatujaziona, na mabati nitayanunua mimi mwisho wa mwezi.