Slaidi za utetezi: kwenda nazo sambamba na tasnifu, au kusubiri imalizike?

Mtafiti wa Moro
Wakuu, habari za wakati huu. Nipo sura ya tatu ya tasnifu ya uzamili, nashughulika na upotevu wa nyanya baada ya mavuno. Msimamizi keshaanza kuulizia slaidi za semina ya idara na sura ya nne haijakaa hata kidogo. Naona njia tatu: nimalize kuandika ndipo nichomoe slaidi kwenye Word, niende nazo sura kwa sura kwenye PowerPoint, au nihamie LaTeX, ule mfumo wa kupanga hati kwa amri, nasikia huko faili moja linatoa tasnifu na slaidi. Laptop yangu ni ya zamani na bando ni la kuungaunga. Mliopita huko, ipi haina majuto?

Kijana wa Beamer
LaTeX mkuu, usijiulize mara mbili. Beamer, yaani sehemu yake ya slaidi, yenyewe ilizaliwa hivyo: Till Tantau aliitengeneza mwaka 2003 kwa ajili ya kutetea shahada yake ya uzamivu. Unaandika maandishi yako, katikati unaweka fremu, yaani slaidi. Ukitumia darasa (aina ya hati) la `beamer` na chaguo la `ignorenonframetext`, kilicho nje ya fremu kinaachwa, zinatoka slaidi. Ukibadili darasa liwe `report` ukaita pakiti ya `beamerarticle`, linatoka andiko kamili. Marejeo, milinganyo, majedwali, vyote chanzo kimoja. Na Overleaf, ile tovuti ya kuandikia LaTeX mtandaoni, si lazima. Sakinisha LaTeX kwenye laptop yako kwa MiKTeX uandike bila intaneti.

Mama Tunu
Kijana, utamu umeusema, uchungu umeumeza. Huyu yuko sura ya tatu ndani ya Word, na bila shaka msimamizi anamrudishia masahihisho humo humo. Ahame leo? Halafu fremu ya Beamer kwa kawaida ni milimita 128 kwa 96. Jedwali la safu tisa halienei hapo hata upunguze herufi mpaka zisomwe na sisimizi. Utatengeneza jedwali la pili kwa ajili ya slaidi, na hapo lile faili moja limeshakuwa mawili.

Mtafiti, kama vichwa vyako umevipanga kwa Heading 1 na Heading 2, PowerPoint inaweza kuvisoma kama muhtasari: cha kwanza kinakuwa kichwa cha slaidi, cha pili kinakuwa nukta. Aya hazihami, na hiyo ndiyo raha yake.

Msahihishaji
Mimi hukaa upande wa pili wa meza, programu hainihusu. Kinachowaponza watu ni namba. Tuseme slaidi inasema waliohojiwa ni 182. Mjumbe ana tasnifu mapajani, kidole kiko kwenye jedwali 4.2, pameandikwa 178. Kilichotokea hakina ajabu: baada ya semina data zilisafishwa, madodoso manne yakatupwa, Word ikarekebishwa, slaidi ikasahaulika. Lakini muda wa maswali unaishia hapo hapo, na wajumbe wanaanza kupekua kila jedwali.

Kwa hiyo mleta mada, michoro yako inakaa wapi? Ukiinakili kutoka Excel kwenda Word na PowerPoint, una nakala tatu zisizojuana. Iache Excel, kisha uibandike kwa kiungo kotekote. Folda iwe moja na usiihamishehamishe, maana kiungo kinafuata njia ya faili. Ukibeba PowerPoint peke yake kwenye flashi, mchoro utaonekana ila hautajisasisha.

Nahodha
Ipo njia ya nne, programu ya Quarto. Faili moja la maandishi linatoa Word, PDF na PowerPoint, na hesabu za R, lugha ya kompyuta ya takwimu, zinafanyika humo humo, kwa hiyo ile 178 huiandiki kwa mkono popote. Kasheshe ni muundo wa chuo: pambizo, kurasa za mwanzo, namba za kirumi. Kama R huijui, achana nayo kwa sasa.

Mtafiti wa Moro
R naisikia kwa watu tu. Basi nabaki Word, michoro kwa kiungo. Sasa sura ya nne, nianze na slaidi au na maandishi?

Mama Tunu
Slaidi, kwa sura hiyo tu. Chache, na kila kichwa kiwe sentensi nzima. Usiandike "Matokeo ya usafirishaji". Andika "Nyanya nyingi huharibikia njiani, si shambani", kama data zako ndivyo zinavyosema. Sentensi ikikataa kutoka, bado huna matokeo, una majedwali. Sura ya pili usiihangaikie, hakuna aliyekuja semina kusikiliza mapitio ya maandiko.

Msahihishaji
Naafiki, ila sentensi hizo zisihamie kwenye tasnifu zilivyo. Huko utaje soko gani, msimu gani, na umepimaje. Na siku ya siku beba slaidi kwa PDF pia. Kompyuta za ukumbini mara nyingi zina Office ya zamani, fonti zinaruka.

Kijana wa Beamer
PDF, ambayo Beamer inatoa tangu siku ya kwanza. Haya, mimi nimenyamaza.