Ratiba ya kusomea CFA ngazi ya kwanza ukiwa zamu za usiku

Kutoka: mdogo wenu, Columbus, Ohio

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimejiandikisha mtihani wa CFA (cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji) ngazi ya kwanza, ule wa Novemba. Nyumbani nilikuwa mhasibu, nina CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, ila tangu nifike huku nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, siku nne kwa wiki. CFA Institute, wenye mtihani, wanashauri mtu atenge kama saa 300. Nikachora ratiba ya saa mbili kila siku. Leo ni wiki ya tatu na nimeshadaiwa saa 19. Nikitoka zamu na kukaa mezani, narudia ukurasa ule ule mara nne na hauingii. Waliopita njia hii, mlipangaje?

Kutoka: dada yenu, Houston

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuthubutu. Mimi nilianguka mara ya kwanza nikafaulu ya pili, zote nikiwa kwenye zamu kama zako, kwa hiyo nakuandikia yaliyonikuta.

Mara ya kwanza nilihesabu saa za kukaa kitini. Ratiba ilijaa alama za vyema, lakini nusu ya saa zile nilizisoma saa mbili asubuhi, mwili umekesha, macho yamevimba. Saa hizo usizihesabu kabisa. Ukitoka zamu, kula, oga, lala.

Sasa tupige hesabu yako. Wiki tatu za saa mbili kila siku ni saa 42, ukitoa deni la 19 umeshasoma saa 23, zimebaki 277, na wiki ni kama 20. Ni karibu saa 14 kwa wiki. Siku zako tatu za mapumziko, weka saa tatu na nusu kila siku: hapo una 10 na nusu. Siku nne za zamu, ukishaamka jioni, dakika 50 tu kabla ya kutoka nyumbani. Mada mpya usiziguse hapo, fanya maswali ya ulichosoma mapumziko yaliyopita. Ukijumlisha unakaribia 14, na hujaiba usingizi hata siku moja.

Halafu panga kuanzia mwisho kurudi nyuma. Wiki nne za mwisho ni za mitihani ya majaribio na kusahihisha makosa, basi. Maana yake kusoma mada kuishe katikati ya Oktoba, hata kama kuna sura hujaridhika nayo. Mimi nilikuwa bado nasoma derivativu (mikataba ambayo thamani yake hutokana na mali nyingine) wiki ya mtihani, na maadili nimeyaweka kiporo nikidhani ni ya kusoma kama gazeti. Maadili ni asilimia 15 hadi 20 ya mtihani, hakuna somo linaloyazidi. Yasome mapema, kisha yarudie mwishoni.

Taarifa za fedha wewe mhasibu utaona ni nyumbani, lakini usipite mbio. Sisi tumelelewa na IFRS, kanuni za kimataifa za uhasibu, na mtihani unauliza pia kanuni za Marekani. LIFO, yaani kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza, ambayo IFRS inaikataza, huku inaruhusiwa, na watakuuliza faida na kodi vinabadilikaje bei za bidhaa zikipanda. Muda utakaouokoa hapo upeleke kwenye hatifungani. Usikariri kwamba riba ikipanda bei inashuka, hilo kila mtu analijua. Kaa nayo mpaka uone mwenyewe kwa nini hatifungani yenye duresheni (kipimo cha jinsi bei inavyotikiswa na riba) ya 6 hupoteza kama asilimia 6 ya bei riba ikipanda kwa asilimia moja. Mimi ilinichukua mapumziko mazima matatu, na sijutii.

Kalkuleta nunua leo, uizoee mpaka vidole vijue njia. Kama ni ya aina ya BA II Plus, andika 2 + 3 × 4. Ikikupa 20 badala ya 14, iko kwenye Chn, inayohesabu kwa mfuatano wa kubonyeza, ihamishe kwenda AOS, inayozidisha kwanza ndipo ijumlishe. Na ukiona BGN juu ya kioo, inahesabu malipo ya mwanzo wa kipindi. Jaribio langu la kwanza zima lilinipotezea alama kwa neno hilo dogo.

La mwisho, na hili ndilo linaloniuma nikikukumbuka: mwili wako umezoea kulala asubuhi. Mtihani una maswali 180, vipindi viwili vya saa mbili na robo, sekunde 90 kwa swali. Ukipata nafasi ya mchana ichukue. Omba kubadilishiwa zamu wiki nzima kabla, na majaribio yako yafanye saa ile ile ya mtihani. Na usiache swali tupu, jibu baya halikati alama.

Kutoka: kaka yenu, Leeds

Dada amemaliza, naongeza mawili. Angalia pasipoti yako leo: isiwe imeisha siku ya mtihani, na majina uliyojisajili nayo yalingane nayo. Sisi wa majina matatu ndio tunaokwama mlangoni. Pili, vikao vya harusi. Jumamosi yako saa nne asubuhi Dar ni saa kumi na moja jioni, ndipo kamati zinapokaa. Waambie ndugu mapema kwamba mchango utaufikisha lakini kwenye kikao hutakuwepo mpaka Novemba. Mimi mama yangu nilimweleza mwenyewe kwa simu, akawa yeye ndiye anayewajibu wengine.

Kutoka: mdogo wenu, Columbus, Ohio

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Kalkuleta ilinipa 20, nimeshairekebisha. Pasipoti inaisha Septemba, kesho naanza kushughulika na ubalozi Washington. Mkuu wa zamu nimemwandikia kuhusu ile wiki, amesema nimkumbushe Oktoba. Leo nimetoka kazini nikalala mpaka saa tisa, na jioni nimefanya maswali 30 ya maadili. Nimepata 17.