Ukoo wa Chumbageni, Tanga: mbuzi anasubiri mwezi

16:51 Shangazi Mwajuma: Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwenye mbuzi wa Idi anataka jibu kabla ya magharibi, achinje kesho alfajiri mwezi ukiandama leo, au keshokutwa. Waliotuma mchango ni wanne. Humu tupo 31.

16:52 Shangazi Mwajuma: Naona tiki za bluu. Msijifiche.

17:03 Ayubu: Mimi mwezi nimeshauona shangazi. Uko ukutani, kwenye kalenda ya benki 😂

17:04 Shangazi Mwajuma: Na mchango wako wa mwaka jana uko wapi, kalenda hiyo hiyo?

17:12 Salimu: Shangazi mwambie keshokutwa. Mwezi umezaliwa leo saa tano asubuhi. Jua likizama utakuwa na saa saba na nusu, hakuna jicho la kuuona. Tunatimiza siku thelathini za Ramadhani.

17:13 Shangazi Mwajuma: Umejuaje wewe uliye hosteli Dar?

17:16 Salimu: Hesabu. Toka mwezi kuzaliwa mpaka kuzaliwa tena ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mara tunafunga 29, mara 30. Saa ya kuzaliwa inajulikana miaka mingi kabla. Wasiwasi uko kwenye macho yetu.

17:19 Zuhura Maskati: Na huku kwetu Oman wakitangaza leo?

17:22 Ba' Mdogo Hamisi: Iko kwenye hadithi: Kuraibu aliuona mwezi Sham (Syria) usiku wa Ijumaa, Madina wakauona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume aliyekuwa Madina, alikataa kufuata wa Sham. Kuleni ya kwenu.

17:23 Ba' Mdogo Hamisi: Ila haya anayosema Salimu, mimi nikisema naitwa mkaidi.

17:23 Shangazi Mwajuma: Hamisi. Tusianze.

17:25 Ba' Mdogo Hamisi: Sijaanza. Mwaka wa Elinino nilipanda paa lile lile la waliosema wameuona mwezi, sikuona kitu. Kesho yake nimekaa barazani na swaumu yangu, wakwe wananitazama, masinia ya pilau yanapita.

17:26 Ayubu: Lile sinia la shaba au?

17:26 Shangazi Mwajuma: Ayubu koma.

17:29 Shangazi Mwajuma: Salimu nawe, tulichanga ada ya uhasibu ukaenda kubadili kozi, ukachukua falsafa. Sasa ungekuwa mhasibu ungenisaidia kuwadai hawa.

17:38 Salimu: 😅 Shangazi, sikuwa nakimbia hesabu. Kilichonishika ni Imamu Ghazali. Ni mwanachuoni mkubwa wa zamani, aliyefundisha Baghdad. Alijiuliza: ninayoyajua nimeyajuaje? Akaanza na macho. Unatazama nyota unaiona ndogo kama dinari, ushahidi wa hesabu unasema ni kubwa kuliko dunia. Unatazama kivuli unaapa kimesimama, ukirudi baada ya saa kimeshasogea. Basi, akasema, akili imeyaumbua macho, na je kama kuna kitu cha kuiumbua akili? Ndotoni si unaamini kila kitu mpaka uamke? Alikaa karibu miezi miwili hana uhakika na lolote. Na anasema hakuponywa na hoja, ni nuru Mungu aliyomtia kifuani. Mimi niliposoma pale sikulala.

17:39 Ayubu: Na yeye mbuzi wake alichinja lini?

17:40 Zuhura Maskati: 🤣🤣🤣

17:44 Ba' Mdogo Hamisi: Salimu, hesabu zako zinarudi nyuma?

17:45 Salimu: Zinarudi. Mwaka gani?

17:45 Ba' Mdogo Hamisi: Elinino. Januari 28, 1998. Jioni.

17:52 Salimu: Mwezi ulizaliwa siku ile ile saa tatu asubuhi. Magharibi ya Tanga ulikuwa na saa tisa na dakika arobaini na kitu. Usingeonekana Ba' Mdogo. Hata bila mawingu.

17:52 Shangazi Mwajuma: Salimu! Babu yumo humu!!

17:53 Salimu: Ya Allah. Nilikuwa sijazaliwa, sikujua ni nani aliyeuona.

17:53 *Ujumbe huu umefutwa*

18:11 Babu: 🎤 2:06

18:20 Mama Salimu: Kwa msio na bando, Babu anasema: "Nimesikia. Mwezi wa Idi, Shawali, unataka mashahidi wawili, tulikuwa mimi na marehemu jirani. Niliona uzi mweupe upande wa Pongwe, mawingu yalipopasuka kidogo. Nikamwambia, ule pale. Akasema, naam, ule pale. Sheikh akatuuliza pembe zimeelekea wapi, nikajibu mimi, yeye akaitikia. Sikusema uongo. Lakini toka siku ile sijawahi kumuuliza marehemu kama aliuona yeye au aliniona mimi. Na sasa sijui kama mimi niliuona. Hamisi, nilikuita mkaidi mbele ya wakwe zako. Hilo nalijua kwa hakika."

18:31 Shangazi Mwajuma: Adhana hiyo. Futuruni.

18:57 Ba' Mdogo Hamisi: Baba shikamoo. Kesho nitafuturu kwako.

18:58 Ayubu: Kesho si inaweza kuwa Idi?

19:02 Babu: Marahaba

19:06 Shangazi Mwajuma: Mwenye mbuzi kapiga tena. Nimemwambia asinoe kisu mpaka nisikie redio saa mbili. Anataka nusu ya hela sasa hivi.

19:40 Zuhura Maskati: Samahani nilikuwa jikoni. Nitume kwenye namba ipi?