Naomba ushauri: Siku moja Mumbai, tuanzie wapi na tukale wapi?

Pwani_Asilia: Wakuu, habari za jioni. Niko Mumbai na mama mzazi. Tuna siku moja ya kutembea, Jumatatu. Nataka tupande boti pale Gateway of India twende kisiwani kwenye mapango ya kale ya Elephanta, jioni tukale. Chakula gani kizuri kisicho na pilipili kali? Nina wasiwasi kidogo, naomba mnielekeze.

Mzee_Barazani: Mimi nilikuwa nafuata mzigo wa vitambaa huko. Asubuhi vada pav, yaani mkate uliojazwa kachori ya viazi. Usiku barabara ya Mohammed Ali, nihari, mchuzi mzito wa nyama uliopikwa usiku kucha. Mpaka leo naukumbuka.

Dada_Salma: Boti ni kama saa nzima, na kisiwani kuna ngazi zaidi ya mia. Mama anaweza?

Pwani_Asilia: Ana miaka 61. Anatembea vizuri tu.

Dada_Salma: "Vizuri tu" ndiyo nini? Mmeenda matembezi au matibabu?

Pwani_Asilia: Matibabu. Alibadilishwa vali ya moyo, leo siku ya 16. Lakini daktari mwenyewe alisema atembee! Dereva nimeshampa kianzio, mama nimeshamwahidi. Mwezi mzima anaangalia ukuta. Nikimrudisha Tanga hajaona kitu nitajilaumu.

Kaka_Mkubwa: Mdogo wangu, michango ya ndugu ni ya hospitali, si ya boti. Sisi tulipompeleka baba India, kila senti iliandikwa daftarini.

Nyundo: Hii chai. Elephanta hufungwa Jumatatu, aliyeko Mumbai angejua. Subirini, kesho inakuja namba ya kutuma mchango.

Pwani_Asilia: Sijaomba hata senti. Mumbai ninayoijua mimi ni chumba cha kupanga, duka la dawa na korido ya wodi. Ya Jumatatu sikuijua, ahsante. Ila usiniite muongo. Mama analala ameketi kwa sababu mshono wa kifuani unamuuma.

Dada_Salma: Mwacheni. Kutembea alikosema daktari siyo kupanda ngazi mia. Mpigie umuulize kwanza. Akiruhusu, nendeni Marine Drive, barabara ya kando ya bahari, jua likizama: ni tambarare na kuna ukuta wa kukalia. Haji Ali, msikiti wenye kaburi la walii baharini, nako pazuri kwa ziara, lakini njia yake hufunikwa maji yakijaa, na ni mwendo. Bhelpuri, yaani bisi za mchele zilizochanganywa na chatine, na chatine nyingine za barabarani, mziache. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe ghafla mboga za majani.

Mvuvi_Mstaafu: Mtu wa Tanga mpe samaki. Agiza surmai, ndiye nguru wetu. Waambie wasitie pilipili.

Pwani_Asilia: Nimemsomea mama majibu yote. Kumbe boti hakuitaka tangu mwanzo, aliitikia kwa kuwa aliniona nimefurahi. Niliposoma "nguru" akaniuliza kama huko kuna ndimu.